Hodi za Kompyuta: Namna ya Kufundisha Busara ya Kuruhusu na Kukataa

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi siku hizi hukabidhiwa kompyuta kama mwenzake wa zamani alivyokabidhiwa kabati la vitabu na ufunguo wake. Ndani ya kompyuta hiyo huwekwa majina ya wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa, alama zao za mitihani na barua za shule. Aghalabu mashine hiyo ni moja tu katika ofisi, na walimu kadhaa huitumia kwa zamu. Kila mmoja hutaka kuongeza programu ya kumsaidia: huyu ya kupangia ratiba, yule ya kuchorea, mwingine ya michezo ya hesabu kwa watoto. Na kila programu inaposakinishwa, kompyuta hufungua dirisha dogo juu ya kioo na kuuliza: Je, waruhusu?

Makala haya yahusu jibu la swali hilo. Yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi mambo matatu. Kwanza, maana ya maswali yanayoulizwa na kompyuta. Pili, kwa nini maswali mengi mno yaweza kudhuru sawasawa na kutokuwapo kwa swali lolote. Tatu, namna ya kulifundisha jambo hili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, hata mahali ambapo kompyuta hazitoshi. Mifano imetolewa katika mashine zitumiazo Windows, kwa kuwa zimeenea sana katika ofisi; lakini kanuni zenyewe zafaa kwa mashine nyingine pia.

1. Maswali mawili yasiyofanana

Watumiaji wengi huyachanganya maswali mawili ambayo kwa kweli ni tofauti. Yapasa mwalimu ayatenganishe kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Swali la kwanza huulizwa wakati wa kusakinisha. Kompyuta huuliza kama programu hii iruhusiwe kufanya mabadiliko katika mashine. Dirisha lake huonyesha jina la programu na jina la mtengenezaji, ikiwa saini yake imethibitishwa. Isipothibitishwa, huandikwa kwamba mtengenezaji hajulikani. Anayekubali hapa huipa programu uwezo wa msimamizi wa mashine, yaani uwezo wa kugusa karibu kila kitu kilichomo.

Swali la pili huulizwa na fayawoli. Katika ujenzi, jina hili ni la ukuta unaojengwa baina ya nyumba na nyumba ili moto ukizuka upande mmoja usipite upande wa pili. Katika kompyuta, fayawoli ni mlinzi anayesimama baina ya mashine na mtandao. Kwa kawaida fayawoli ya Windows huiacha programu iliyomo ndani iende nje kuomba habari na kupokea majibu ya ombi lake. Kinachozuiwa ni mgeni wa nje anayetaka kuanzisha mazungumzo yeye mwenyewe. Basi programu inapojaribu kwa mara ya kwanza kukaa mlangoni ili kupokea wageni kutoka mtandaoni, ndipo dirisha la fayawoli hutokea.

Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. Jambo la kwanza ni kwamba kuikatalia programu katika swali la pili, mara nyingi, hakuizuii kufanya kazi yake. Programu ya kuandikia haina haja ya kupokea wageni. Ikikataliwa, barua itaandikwa vilevile. Jambo la pili ni kwamba jibu la swali la kwanza ndilo zito zaidi. Programu iliyokwisha kupewa uwezo wa msimamizi yaweza yenyewe kuandika kanuni katika fayawoli na kujifungulia mlango, bila kumwuliza mtu tena. Kwa hiyo mtu anayekubali upesi swali la kwanza, kisha akafikiri sana juu ya la pili, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

2. Funzo la miaka iliyopita

Mizani baina ya usalama na wepesi wa kazi haikupatikana mara moja. Watengenezaji wa kompyuta walikosea upande mmoja, kisha wakakosea upande wa pili.

Windows XP ilipotolewa mwaka 2001 ilikuwa na fayawoli ndani yake, lakini kwa kawaida ilikuwa imezimwa. Haikumsumbua mtu kwa swali lolote. Mwezi Agosti 2003 programu haribifu iitwayo Blaster ilienea katika mashine nyingi duniani. Haikumhitaji mtumiaji abofye kitu chochote. Ilitosha mashine iwe imeunganishwa na mtandao na mlango wake uwe wazi. Kiraka cha kuziba kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa mwezi Julai mwaka uleule, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la pili la Windows XP, na tangu hapo fayawoli ikawa inawashwa tangu mwanzo.

Kisha mizani ikaelemea upande wa pili. Windows Vista, iliyotolewa kwa watu wote Januari 2007, ilileta swali la kwanza tulilolieleza hapo juu. Wazo lilikuwa jema, lakini swali liliulizwa mara nyingi mno, hata kwa mambo madogo ya kila siku. Watu walilalamika, baadhi walilizima kabisa, na wengine walizoea kukubali pasipo kusoma. Katika Windows 7 ya mwaka 2009 maswali yalipunguzwa, na mtumiaji akapewa daraja nne za kuchagua ni mara ngapi aulizwe.

Hasara ya uzembe haikuisha. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Hapa pia kiraka kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Mwalimu na afikiri hali ya shule yake kama mafaili ya alama yangefungwa hivyo wiki moja kabla ya kuandika ripoti za wazazi, na hapana nakala nyingine mahali popote.

3. Kwa nini mtu huacha kusoma onyo

Katika desturi zetu, mgeni hupiga hodi na mwenyeji hujibu karibu. Jibu hilo limezoeleka mno. Mara nyingi hutamkwa kabla mwenyeji hajainua macho kumtazama aliyekuja. Ni desturi njema kati ya majirani wanaofahamiana. Lakini kompyuta iliyounganishwa na mtandao hupigiwa hodi na dunia nzima, wema na waovu, na desturi ya kukaribisha bila kutazama haifai hapo.

Tatizo la kuzoea onyo si la watu wajinga tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Marekani walitumia mashine za kupiga picha za ubongo, wakaona kwamba kazi ya ubongo katika kulitazama onyo hupungua sana mara ya pili tu onyo lilelile linapoonyeshwa. Mwalimu alijua jambo hili kabla ya mashine hizo. Mwalimu anayesema "Nyamazeni!" kila baada ya dakika mbili hasikiki tena, bali yule anayesema kwa nadra, na kwa sababu, darasa lote humgeukia.

Wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika mwaka 1975 kanuni nane za kulinda habari katika kompyuta. Mbili kati yake zatufaa hapa. Moja ni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaohitajika kwa kazi yake. Nyingine ni kwamba njia ya ulinzi iwe rahisi kutumiwa, kusudi watu waifuate kila siku kwa usahihi pasipo kulazimika kujisumbua. Kanuni ya kwanza ni ya usalama; ya pili ni ya wepesi. Waandishi hao hawakuziona kuwa adui. Ulinzi unaomchosha mtu hukwepwa, na ulinzi unaokwepwa si ulinzi.

4. Kupunguza maswali, si kupunguza ulinzi

Kutokana na hayo, njia iliyo bora ni kupunguza idadi ya maswali yanayotufikia, ili yale machache yanayobaki tuyajibu kwa akili timamu. Katika ofisi ya shule jambo hili laweza kufanywa hivi:

(a) Kazi za kila siku zifanywe katika akaunti ya kawaida. Akaunti ya msimamizi na nenosiri lake viwe mikononi mwa mwalimu mmoja au wawili. Mwalimu anayeandika barua hana haja ya uwezo wa kubadili mashine.

(b) Programu mpya zisakinishwe kwa siku maalumu, mathalani mwanzo wa muhula, kwa kufuata orodha iliyokubaliwa. Hivyo maswali ya muhula mzima hujibiwa kwa pamoja na mtu aliyetulia, badala ya kujibiwa na mtu mwenye haraka ya kuingia darasani.

(c) Programu zipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kutoka katika flashi ya rafiki wala katika tangazo lililojitokeza kiooni.

(d) Fayawoli isizimwe kwa ajili ya programu moja iliyokataa kufanya kazi. Iandikiwe kanuni moja ya ruhusa, ya programu ile pekee. Mtu hauvunji ukuta wa ua kwa sababu mgeni mmoja ameshindwa kuliona lango.

(e) Mwisho wa kila muhula orodha ya programu zilizoruhusiwa ikaguliwe, na zisizotumika ziondolewe. Jambo hili ni la lazima pia kwa sababu fayawoli hukumbuka majibu: iliyokwisha kuruhusiwa au kuzuiwa haiulizwi tena, hata baada ya mwaka, mpaka mtu aifungue orodha na kubadili jibu.

Kadhalika, masasisho ya mashine yasiahirishwe, na nakala za mafaili muhimu ziwekwe mahali pengine. Fayawoli ni mlinzi mmoja tu.

5. Maswali matatu ya mwenyeji

Kwa maswali yanayobaki, mwanafunzi afundishwe kuuliza naye. Maswali matatu yatosha, nayo ni mepesi kukumbukwa:

Kwanza: Ni mimi niliyekuita? Dirisha likitokea wakati hatusakinishi wala hatufungui programu yoyote, jibu la kwanza ni kukataa.

Pili: U nani, nawe umetoka wapi? Tutazame jina la programu, jina la mtengenezaji, na mahali tulipoipakua.

Tatu: Je, kazi yako yahitaji unachokiomba? Hapa ndipo akili inapofanya kazi zaidi.

Tutoe mifano miwili. Kolibri ni programu ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa masomo mahali pasipo na intaneti. Mwalimu huisakinisha katika mashine moja, na vishikwambi vya wanafunzi huunganishwa na mashine hiyo kwa mtandao wa darasani. Fayawoli ikiuliza, tunajibu: tumeiita sisi, tumeitoa kwa mtengenezaji, na kazi yake hasa ni kupokea maombi ya vishikwambi. Ikikataliwa, wanafunzi hawatapata somo. Hivyo yafaa iruhusiwe, lakini katika mtandao binafsi wa shule tu. Matoleo mengi ya Windows hutenganisha mtandao binafsi na mtandao wa umma, kama ule wa mgahawa au kituo cha mabasi, na hakuna sababu ya kuifungulia programu hii huko.

Mfano wa pili: mwalimu amepakua mchezo wa kujumlisha na kutoa, wa mtoto mmoja katika mashine moja. Fayawoli inauliza kama mchezo huo upokee wageni kutoka mtandaoni. Tumeuita sisi, na pengine mtengenezaji ni mwema; lakini kujumlisha na kutoa hakuhitaji wageni. Tukatae, kisha tutazame kama mchezo wafanya kazi. Ukifanya kazi, tumeshinda pande zote mbili. Ukikosa kitu tunachokihitaji kwa kweli, tutaweza kubadili jibu baadaye. Kukataa kwanza ni kosa linalosahihishika. Kukubali kwanza huenda kusisahihishike.

Ieleweke hata hivyo kwamba maswali haya hayampi mtu uhakika kamili. Mwaka 2017 toleo moja la programu ya kusafishia kompyuta iitwayo CCleaner lilisambazwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe, likiwa na saini halali, ilhali wahalifu walikuwa wamekwisha kuingiza kazi yao ndani. Mashine zaidi ya milioni 2 ziliipokea. Saini hutuambia nani aliyetia muhuri. Haituambii kwamba kilichomo ni safi. Kwa hiyo kinga kubwa kuliko zote ni kusakinisha programu zile tu tunazozihitaji.

6. Mpango wa somo

Darasa: la Tano au zaidi. Muda: dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mlinzi anayeuliza mno na mlinzi asiyeuliza kabisa wote hushindwa, na aweze kutumia maswali matatu ya mwenyeji.

Vifaa: kadi saba za karatasi ngumu, sanduku dogo lenye maandishi "Kabati la Mitihani", na ubao.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Mwalimu awaulize wanafunzi wanafanyaje nyumbani mtu asiyejulikana anapopiga hodi wazazi wakiwa hawapo. Majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Hatua ya pili (dakika 8). Mwanafunzi mmoja awe mlinzi wa mlango wa darasa. Wengine watano wapewe kadi zenye majina ya programu zinazojulikana: Barua, Hesabu, Picha, Kamusi, Ratiba. Waingie na kutoka mara kwa mara, na mlinzi amwulize kila mmoja, kila mara: U nani? Umetoka wapi? Wataka nini? Baada ya mara kumi na tano hivi, mwalimu amwingize kwa siri mwanafunzi wa sita mwenye kadi isemayo: "Naitwa Ratiba Mpya. Sina kwetu. Nataka Kabati la Mitihani." Darasa litazame kama mlinzi atamsikia.

Hatua ya tatu (dakika 5). Mlinzi mwingine asimame, lakini asimwulize mtu yeyote. Mgeni wa sita aingie na kulichukua sanduku.

Hatua ya nne (dakika 10). Mlinzi wa tatu apewe orodha ya majina matano yaliyokubaliwa, kila jina na kazi yake. Walio katika orodha wapite kwa kazi zao bila kuulizwa. Asiyekuwamo, au anayeomba kisichokuwa kazi yake, aulizwe maswali matatu. Mwalimu ampe pia Kamusi kadi ya pili, inayoomba Kabati la Mitihani, ili darasa lione kwamba hata anayejulikana aweza kuomba asichostahili.

Hatua ya tano (dakika 7). Wanafunzi walinganishe walinzi watatu: nani alichoka, nani aliibiwa, nani alifanya kazi iliyo nyepesi na salama? Kisha mwalimu achore ubaoni kompyuta, mtandao na fayawoli katikati, na kuhusisha kila jambo la mchezo na mchoro huo. Kama ipo kompyuta, awaonyeshe orodha ya programu zilizoruhusiwa.

Hatua ya sita (dakika 5). Mwalimu asome maombi manne ya programu za kubuni. Wanafunzi wainue mkono wa kuruhusu au wa kukataa, na kila mmoja aseme sababu. Sababu ndiyo ipewe alama, si mkono.

7. Mambo ya kuangalia

Yawezekana mlinzi wa kwanza akamkamata mgeni mbaya. Hilo lisiharibu somo. Asifiwe, kisha aulizwe angeweza kuendelea hivyo kwa saa ngapi. Akidanganywa, asichekwe, mwalimu aeleze kwamba hata watu wazima hushindwa kwa njia ileile, na kwamba kosa lilikuwa katika utaratibu aliopewa.

Mwalimu asizime fayawoli ili kuonyesha hatari yake, wala asilete programu mbaya darasani kwa mfano. Zaidi ya hayo, asiwaogofye watoto. Mtoto aliyejaa hofu hukataa kila kitu, na anayekataa kila kitu hajifunzi kutumia chombo alichopewa.

Mwisho, mwalimu akumbuke kwamba habari zilizomo katika kompyuta ya shule si mali yake. Katika Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya na kutunza habari za watu wazilinde; Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Mzazi alipotoa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe siku ya kuandikishwa shule, aliiamini shule. Kila anayebofya neno la kuruhusu hulijibu swali hilo kwa niaba ya mzazi yule.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti baina ya ruhusa ya kubadili mashine na ruhusa ya kupokea wageni kutoka mtandaoni. Ipi ni nzito zaidi, na kwa nini?

2. Mwalimu mwenzako anataka kuzima fayawoli kwa sababu printa mpya haipatikani katika mtandao wa ofisi. Utamshauri nini?

3. Tengeneza orodha ya programu zisizozidi nane zinazofaa kuwamo katika kompyuta ya ofisi ya shule ya msingi. Kwa kila moja, sema kama inahitaji kupokea wageni kutoka mtandaoni.

4. Andaa mchezo mwingine, kwa kutumia shughuli ya kijijini au mtaani kwenu, utakaofundisha jambo lile lile kwa wanafunzi wa Darasa la Nne.